Firauni tumemtoa ikulu tukamtia chumbani: neno UFIRAUNI limepatwa na nini?

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, nimeona nililete hapa penye watu wanaoipenda lugha.

Mjomba wangu alifariki. Arobaini ilipopita tu, ndugu zake wawili walikwenda asubuhi na mapema kwa mjane wake, mkaza mjomba wangu, wakang'oa mlango wa mbele. Hawakuuvunja. Walikuja na bisibisi, wakafungua bawaba moja baada ya nyingine bila haraka, wakaupakia mlango kwenye guta na kuondoka nao. Nia yao ilikuwa mama ahame mwenyewe, wao wasionekane wamemfukuza. Nilipofika jioni nilimkuta ametundika kanga mlangoni. Ndani watoto wawili wanafanya hesabu za shule kwa mwanga wa simu. Kwenye fremu matundu ya skrubu yalikuwa bado meupe, mbao mbichi inaonekana.

Kikao cha familia kikaitwa. Alikuwepo mzee mmoja jirani, mwalimu wa chuo, ambaye aliwafundisha Kurani hao ndugu wawili walipokuwa wadogo. Alisikiliza pande zote mpaka mwisho, hakumkatiza mtu. Kisha akasema: "Wanangu, mlichomfanyia mama huyu ni ufirauni."

Kukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha aibu. Binamu yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaniinamia sikioni: "Mbona mzee anatukana mbele ya akina mama?" Na mmoja wa wale ndugu akalidaka neno hapohapo: tumetukanwa, kikao hiki hakina adabu, sisi tunaondoka. Wakaondoka kweli. Habari ya mlango ikafia hapo, tukabaki tunabishana kama mzee katukana au hakutukana.

Sasa naomba tuliweke neno hili mezani.

Ufirauni si tusi la chumbani. Chanzo chake ni Firauni, mfalme wa Misri aliyepambana na Nabii Musa. Kiswahili kilimpokea kutoka Kiarabu, Fir'awn, kikampa irabu zake ili atamkike, kisha kikamtilia kiambishi u- kama tunavyofanya kwa udhalimu, ukatili na unyama. Kwa hiyo ufirauni ni kutenda kama Firauni. Na Firauni alitenda nini? Aliwagawa watu wa nchi yake mafungu, akalidhoofisha fungu moja, akawachinja watoto wao wa kiume, na alipoambiwa aache akajibu kwamba yeye ndiye mola wao mkuu. Dhambi yake ni ya mwenye nguvu anayemfanyia mnyonge apendavyo kwa kuwa anaamini hakuna wa kumuuliza.

Kung'oa mlango wa mjane ni hiyohiyo. Mzee alichagua neno barabara. Sisi wasikilizaji ndio tulikuwa tumelipoteza.

Na tumelipoteza kwa sababu ya sauti tu. Liko tendo ambalo jina lake la mtaani linaanza na silabi hizohizo mbili, fi na ra. Masikio ya watu yakaunganisha. Hakuna undugu wowote: moja ni kitenzi cha matusi, jingine ni jina la mfalme.

Naomba kuwasilisha.

Dada wa Makorora

Pole sana mkuu kwa msiba, na pole kwa mkaza mjomba wako.

Ila nitakupinga kidogo. Maneno yanahama, huwezi kuyafunga kamba. Mimi nina miaka 27, nimekua nikisikia ufirauni redioni pale tu mtu mzima anapokamatwa kwa kumharibu mtoto. Hiyo ndiyo maana niliyoipata, na wenzangu wote shuleni waliipata hivyo. Binamu yako hana kosa. Neno ni la wanaolitumia.

Halafu, huko kumharibu mtoto si uovu mkubwa? Unataka tuite nini?

Mwana wa Pangani

Dada, asante kwa pole.

Binamu simlaumu hata kidogo, namlaumu aliyetakiwa kumfundisha, nami nikiwemo. Na hilo la mtoto umeligusa penyewe hasa. Ndiyo, ni ufirauni! Mtangazaji aliyesema hivyo hakukosea. Lakini tuulizane ni ufirauni kwa nini. Ni kwa sababu mtu mzima mwenye nguvu, mara nyingi mwenye kuaminiwa na familia, amemfanyia mtoto asiyeweza kujitetea alilolitaka. Ni Firauni na watoto wa Wana wa Israili. Ufirauni wake uko kwenye kuonea. Maungo ni pale ulipopitia siku hiyo.

Mkilibakiza neno chumbani, siku mwenye nyumba anapomtoa mpangaji mwenye mtoto mchanga kwenye mvua, au tajiri anapowafungia wafanyakazi ghalani usiku kucha, mtaita nini? Mtasema "sio poa"?

Bint Shangani

Assalamu alaykum nyote.

Kaka, umenikumbusha chuoni. Naongeza jambo ambalo kila aliyesoma juzuu Amma analo kichwani hata kama halijui. Sura ya 89, Al-Fajr, aya ya 10 inamtaja Firauni mwenye vigingi. Aya ya 11 inasema ni watu waliofanya jeuri katika nchi. Aya ya 12 inasema wakakithirisha humo ufisadi. Na kwa Kiarabu hapo neno ni *fasad*, lilelile lililotuzalia fisadi na ufisadi. Firauni na ufisadi wako jirani, aya moja tu kati yao, na watoto wetu wanazighani kila jioni wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

Sura ya 28 aya ya 4 nayo inafunga vivyo hivyo: baada ya kueleza alivyowagawa watu na kuwachinja watoto, inasema alikuwa miongoni mwa mafisadi. Jina lake limo katika Kurani mara 74. Mwambao umelisikia jina hilo kwa karne nyingi, haishangazi likageuka kuwa sifa.

Na hakuja peke yake. Karuni ndiye kipimo cha utajiri, kwa sababu funguo za hazina zake zilikuwa mzigo kwa kundi la watu wenye nguvu. Ayubu ndiye kipimo cha subira. Hata *kulawiti*, neno linalotumika mahakamani, asili yake ni jina la Luti, na maskini Nabii Luti ndiye aliyekataza jambo lenyewe! Kwa hiyo lile tendo mnalolisema lina jina lake tayari, la heshima na la kisheria. Halikuhitaji kuazima la Firauni.

Mlima Uluguru

Uzi mtamu huu. Mimi ni Mkristo, niwaulize jambo ambalo limenisumbua nikisoma.

Sisi katika Biblia, ile ya Union ya mwaka 1952 ambayo wengi tumelelewa nayo, mfalme huyo anaitwa Farao. Habari ni ileile: wakunga Shifra na Pua wanaamriwa wawaue watoto wa kiume, watu wanalazimishwa kufyatua matofali huku wamenyimwa majani ya kuchanganyia, na hesabu ya matofali haipunguzwi. Ukatili uleule. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema "huo ni ufarao". Hata padri wetu akikasirika mimbarini anasema ufirauni. Tuna Yuda kwa msaliti, tuna Mafarisayo kwa wanafiki, lakini Farao hakutuzalia kitu. Kwa nini?

Bint Shangani

Swali zuri sana, kaka.

Sababu ya kwanza naona ni wakati. Biblia ya Kiswahili ilipokuja, kiti kilikuwa kimeshakaliwa. Watu walikuwa na firauni tayari vinywani mwao.

Ya pili nimeifikiria usiku huu, mnisahihishe. Katika Biblia, yule aliyemtoa Yusufu gerezani, akamvika pete na kumpa nchi aisimamie wakati wa njaa, naye anaitwa Farao. Huyo alikuwa mtu mwema. Basi Farao kwa msomaji wa Biblia ni cheo: yuko mwema, yuko mbaya. Kurani haifanyi hivyo. Katika Sura Yusuf mtawala wa Misri anaitwa mfalme tu. Jina la Firauni limewekwa kwa yule wa Musa peke yake. Hana hata siku moja ya wema. Ndiyo maana jina lake liliweza kuwa jina la uovu mtupu.

Mlima Uluguru

Dada, hapo umenifungua macho. Sikuwahi kuliona hilo la Yusufu, na hadithi yake naijua tangu Kipaimara.

Mwana wa Pangani

Hiyo ya cheo inanipa nafasi ya kusema jambo nililolifurahia sana nilipolikuta. Wamisri wenyewe wa kale walisema *per-aa*, maana yake nyumba kubwa. Mwanzoni lilikuwa jina la jumba la mfalme. Kama karne ya 15 kabla ya Kristo wakaanza kulitumia kwa mfalme mwenyewe, kama sisi tunavyosema "Ikulu imekanusha" na kila mtu akaelewa ni nani amekanusha.

Na tazameni neno letu Ikulu. Tumelipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, makao ya mtemi, na ndani yake mna shina -kulu, ndugu wa -kuu. Firauni na Ikulu, kwa maana ya asili, ni nyumba moja. Sisemi lolote juu ya mtu yeyote anayekaa humo. Nasema lugha mbili zilizotengana maelfu ya miaka zilitazama mamlaka zikaona kitu kimoja, ukubwa wa nyumba.

Turudi kwa fisadi, maana Bint Shangani amemleta. Waulizeni wazee wenu fisadi alikuwa nani zamani. Alikuwa mwanamume anayeharibu wake za watu na mabinti za watu. Mzazi akikataa posa alisema, "Siwezi kumpa binti yangu fisadi yule." Lilikuwa neno la chumbani! Kisha tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, akasimama na orodha ya majina ya vigogo aliowatuhumu, na kuanzia jioni ile nchi nzima ikawa inasema mafisadi kwa maana ya watafunaji wa mali ya umma. Februari 2008 ikaja kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond na kujiuzulu kwa waziri mkuu, neno likazidi kukomaa. Mwaka 2016 ikaanzishwa divisheni maalumu ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, na hakuna mwananchi aliyeiita kwa jina hilo refu. Wote walisema mahakama ya mafisadi. Leo ukimwambia kijana kwamba fulani ni fisadi, atauliza kala shilingi ngapi.

Mmeona kilichotokea? Fisadi katoka chumbani akaenda hazina. Firauni katoka kwenye kiti cha enzi akaingizwa chumbani. Wamepishana njiani. Mmoja alipata bahati, watu walimhitaji wakati wa hasira ya umma wakampandisha. Mwingine alibaki bila mtu wa kumtetea, sauti yake ikamponza.

Kwa hiyo Dada wa Makorora, nakubali kwamba maneno yanahama. Lakini hayahami yenyewe kama ndege. Tunayahamisha sisi, na tunaweza kuyarudisha.

Jirani wa Kisauni

Hamjambo. Nawaandikia kutoka Mombasa, nimewafuata kimya tangu jana.

Kwetu neno lipo na halina uchafu huo mnaousema. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alimwita firauni mtoto yeyote mwenye kiburi na ukaidi. Ukimjibu mkubwa kwa jeuri: "Firauni we!" Ukimnyima mwenzio maji ilhali unayo: "Firauni mkubwa we!" Alilisema mbele ya wageni, mbele ya imamu, mbele ya kila mtu. Lingekuwa tusi asingelithubutu, maana mwanamke yule hata kusema "mavi ya kuku" aliona haya.

Ila siku moja nilimwona akilisema kwa namna nyingine. Jirani alikuwa amemfungia mjakazi wake wa kazi za nyumbani nje, usiku wa mvua, kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Nyanya alitoka na mwavuli, akamshika binti mkono, akamleta kwetu. Pale mlangoni akageuka, akasema polepole, hakupaza sauti: "Huu ni ufirauni." Akafunga mlango. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kwamba hilo silo lile tunaloambiwa sisi watoto. Jina moja, lakini lilipovikwa u- lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

Mlima Uluguru

Swali la mwisho kwangu: kwani tusitumie *ushenzi* yakaisha? Kila mtu analielewa, na halina utata wa kutukana.

Ruzizi

Kaka, samahani, niingie hapo. Mimi natoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Neno hilo nakuomba ulifikirie mara mbili.

Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipofika Manyema, Nyangwe na Kasongo, enzi za Tippu Tip, watu waligawanywa mafungu mawili. Waliokuwa upande wa misafara, wenye kusema Kiswahili na kuvaa kanzu, waliitwa waungwana. Hata Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Waliobaki, yaani wenye nchi yao, mashamba yao na makaburi ya babu zao, wakaitwa washenzi. Hawakuwa wamefanya kosa. Walikuwa watu wa bara tu.

Kisha Mbelgiji akaja akalikuta neno, akalipenda. Akasema *basenji*. Mtu wa kijijini alikuwa basenji, na aliyesoma alihangaika kuonyesha kwamba yeye si basenji. Kuanzia 1948 kulikuwa hata na kadi ya kuthibitisha kwamba umestaarabika. Mpaka leo duniani kuna aina ya mbwa, yule asiyebweka, anayeitwa basenji. Jina la dharau walilopewa babu zangu sasa limo kwenye vitabu vya wafugaji wa mbwa.

Na ninyi mwambao mna ndugu yake: ustaarabu. Asili yake kwa Kiarabu ni kujifanya au kuwa Mwarabu. Kabla ya hapo lililotangulia lilikuwa uungwana. Kwa hiyo ukisema "acha ushenzi, kuwa mstaarabu", historia nzima imepita hapo katika sentensi moja.

Ndiyo maana mimi nachagua ufirauni. Ushenzi unamtukana mnyonge kwa kuwa mnyonge. Ufirauni unamtaja mkubwa kwa alichomfanyia mnyonge.

Dada wa Makorora

Ruzizi, nimesoma mara tatu. Sikuwahi kujua hilo la basenji. Leo kazini nilikuwa karibu kumwambia mtu "mshenzi", nikajizuia.

Mwana wa Pangani, nimekuelewa sasa. Bado nasema ukilitumia mbele ya vijana itabidi ueleze kwanza.

Mwana wa Pangani

Tutaeleza, dada. Ndiyo kazi yenyewe.

Ruzizi, nashukuru kwa moyo wote. Maneno yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu nilipofungua uzi huu, nikashindwa kuyasema vizuri hivyo.

Wengi mmenitumia ujumbe kuuliza mama yuko wapi na mlango uko wapi. Nawajibu wote hapa.

Mzee hakuomba radhi, na hakurudia neno. Ijumaa baada ya magharibi aliwakuta wale ndugu wawili nje ya msikiti, akawaita pembeni. Mimi nilikuwepo. Aliketi barazani, akavua kofia, akaiweka gotini, akaanza kusoma Al-Fajr kwa sauti ya chini, ileile aliyokuwa akiwasomesha nayo wakiwa watoto. Alipofika kwenye Firauni mwenye vigingi akanyamaza, akamtazama mkubwa wao, kama mwalimu anavyomsubiri mwanafunzi aendelee.

Yule bwana alikaa kimya muda mrefu. Ana miaka 50 na ushee. Kisha akaendelea, kwa kunong'ona, aya ya 11, na ya 12, mpaka ya 13, bila kukosea hata herufi. Akaishia hapo. Mzee akavaa kofia yake, akasema, "Unaijua," akaondoka.

Jumapili asubuhi mlango ulirudi kwa guta lilelile. Mkubwa alikuja mwenyewe na fundi. Bawaba moja ilikuwa imepotea, wakatia mpya ya rangi tofauti. Mdogo hakuja, na bado anasema nyumba ni ya ukoo. Shauri tunalipeleka mbele, tumeshaandika maelezo, na kwenye karatasi ile, mstari wa nne, mama mwenyewe amesisitiza neno la mzee liandikwe kama lilivyosemwa.